Barua ya Mhoja

Mhoja nilimpa tisini na moja.
Insha yake ilikuwa na kichwa, kiwiliwili na miguu,
kila aya imevaa viatu,
marejeo yamejipanga kwa alfabeti
kama watoto wa bweni mstarini asubuhi.
Niliwasomea wenzake. Nikasema: andikeni hivi.

Sasa ni karani wa chama cha msingi, Kaliua,
na leo amenitumia nakala ya barua
aliyoiandikia ofisi ya mkoa kwa niaba ya wakulima
ambao tumbaku yao ilipimwa mara mbili
na mara ya pili kila robota likapungua kilo sita.

Inaanza: "Tangu enzi na enzi
binadamu amekuwa akitumia mizani."
Aya ya pili inaeleza maana ya mizani.
Ya tatu inasema wataalamu wanatofautiana.
Kilo sita zimo ukurasa wa tatu,
zimejibanza nyuma ya "hivyo basi".

Pembeni, kwa kalamu:
"Mwalimu, nilifuata yote uliyonifundisha.
Wamejibu kwamba barua imepokelewa."

Nimekaa nayo barazani, hapa Cheyo.
Chai imepoa, nyuki anakagua ukingo wa kikombe.
Kalamu nyekundu ninayo, sijui niishushe wapi:
kosa ni langu, mwandiko ndio wake.
Nilimfundisha kuchonga mlango,
sikumfundisha kuuliza ndani yumo nani.

Namkumbuka Siwema,
Siwema wa dawati la nyuma, arobaini na nane,
asiyejua koma inakaa wapi,
ambaye kila nilipotoa mada aliuliza:
"Kwani ataisoma nani?"
"Nitaisoma mimi."
"Lakini wewe unajua tayari."
Darasa likacheka. Nikamwandikia kwa wino mwekundu:
Zingatia muundo.

Mwaka jana nilikwenda Uyui kukagua mafunzo kwa vitendo,
homa ikanilaza kwenye benchi la zahanati,
na ukutani, juu ya kipande cha boksi la sabuni, nikasoma:

MAMA. NUSU KIDONGE ASUBUHI, NUSU JUA LIKIZAMA.
MTOTO AKITAPIKA KABLA MAJI YA UGALI, HAYAJACHEMKA, RUDIA.
AKITAPIKA BAADAYE USIRUDIE. NJOO.

Koma moja ilikuwa imepotea njia.
Nesi akasema: "Ni kazi ya mwalimu wa darasa la pili,
yule Siwema. Mwanzoni aliandika dakika thelathini.
Wakina mama wakamwuliza, saa tunayo?
Akakaa hapa siku mbili, anasikiliza tu,
ndipo akaomba boksi jingine."

Usiku huu treni ya bara imeingia stesheni.
Nasikia mabehewa yakiachanishwa:
haya ya Mwanza, haya ya Mpanda, haya ya Kigoma.
Kichwa kinabadilishwa, behewa ni lile lile,
abiria anageuka ubavu, anaendelea kulala.
Miaka kumi na minne nimeamini
kwamba kuandika nako kunasafiri hivyo,
ukikufunga vizuri hapa, kutafika popote.
Kumbe Mhoja aliteremka Kaliua
akiwa bado amevaa joho la mahafali,
na wakulima wakamtazama.

Nimemwandikia.
Rasimu ya kwanza ilianza na "Kwa mujibu wa";
imewasha jiko.
Ya pili ilimwomba radhi kurasa mbili,
nikaona ni mimi najisomea mwenyewe.
Ya tatu ni hii:

Mhoja, anza na kilo sita.
Taja siku, taja robota la nani, taja aliyeshika mizani.
Nani pale ofisini anaweza kuagiza ipimwe upya?
Mwandikie huyo, jina lake, nusu ukurasa.
Kisha msomee Mzee Lugendo kabla hujaituma.
Akikuuliza neno, lifute.

Mtihani wa Jumatatu ulikwisha kuchapwa:
"Jadili umuhimu wa mawasiliano katika jamii. Alama ishirini."
Mia moja na sitini watajadili.
Nitasoma zote. Najua tayari.

Bahasha nimeifunga kwa uji wa asubuhi.
Tisini na moja ile siwezi kuifuta,
iko ofisi ya mitihani, imepigwa muhuri.
Hii ya leo sijaipa alama.